Kifaru Kilichokosa Mnunuzi: Je, Tufurahi?



Leo nawaletea habari ya kifaru. Si yule wa Ngorongoro, ni kile cha jeshi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 jirani zetu wa Kenya waliagiza vifaru aina ya Vickers Mk 3 kutoka Uingereza. Cha kushangaza, jeshi la Uingereza lenyewe halikuvitumia. Kampuni ya Vickers ilivibuni kwa ajili ya kuuza nje, na Nigeria nayo ilinunua. Biashara ikawapa moyo. Katikati ya miaka ya 1980 wakaunda kingine, Mk 7: mwili wa kifaru cha Kijerumani cha Leopard 2, na juu yake sehemu inayozunguka iliyotengenezwa Uingereza, yenye mzinga wa milimita 120. Kikapelekwa Misri kujaribiwa jangwani. Kilifanya vizuri, lakini hakuna nchi iliyokinunua. Kikabaki kimoja tu, cha majaribio.

Sasa, sisi Wakristo tufurahi au tusikitike?

Wengi tutasema haraka: tufurahi, silaha moja imepungua. Jamani, tusikimbilie hapo. Misri haikukaa bila vifaru. Baadaye ilianza kuunganisha vya Kimarekani, Abrams, nyumbani kwake. Na ujuzi uliopatikana kwenye Mk 7 ulisaidia kuunda Challenger 2 ya Waingereza. Kukosa mnunuzi siyo amani. Amani ni tunda la haki, na haki haiji kwa sababu oda imekwama.

Wengine watasema: tusikitike, wahandisi walifanya kazi nzuri bure. Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Anatofautisha ufundi na busara. Ufundi unatazama kama kitu kimetengenezwa vizuri. Busara inatazama kama mtu anatenda vizuri. Kwa hiyo fundi anaweza kusifiwa kwa kazi yake hata kama moyo wake haujanyooka. Mk 7 kilikuwa kizuri kama kifaru. Hilo halijatuambia bado kama kukitengeneza kulikuwa jambo jema.

Naleta habari hii kwa sababu hapa Bigwa kijana anayesoma uhandisi aliniuliza: "Frateri, nikiajiriwa kwenye silaha, natenda dhambi?" Kwetu Morogoro swali hilo si la mbali. Shirika la Mzinga, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, liko hapa hapa, na ajira kwa vijana tunajua zilivyo ngumu.

Kanisa halifundishi kwamba kila silaha ni dhambi. Linakubali haki ya kujilinda, tena viongozi wana wajibu wa kuwalinda raia. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Tanzania haikuunda vifaru vyake yenyewe. Ilitumia vilivyotoka nje. Basi hata kuuza silaha nje hakuwezi kuwa kosa kila mara, la sivyo nchi maskini zingebaki bila ulinzi.

Lakini kuna hatari yake. Anayetengeneza silaha ya kulinda nchi yake anaweza kufurahi isipotumika kamwe. Anayetengeneza ya kuuza anahitaji mteja, na mteja huja akiwa na hofu. Kidogo kidogo hofu ya wengine inageuka kuwa soko lako. Fundi wa majeneza naye anaishi kwa misiba, lakini jeneza lake haliui mtu. Kifaru kinaua, na kikishavuka mpaka, aliyekiunda hana tena neno juu yake. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2316, inasema utengenezaji na uuzaji wa silaha unagusa manufaa ya wote, na serikali zina haki na wajibu wa kuudhibiti. Haitoshi kusema "mimi nafunga boliti tu".

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kazi hiyo si dhambi kwa jina lake, ila haiwezi kufanywa huku umefumba macho. Mapokeo yetu ya maadili yanatutaka tupime tendo lenyewe, nia, na mazingira yake. Nani atanunua? Atamwelekezea nani? Na siku ukijua kwamba inaelekezwa kwa wasio na hatia, utakuwa tayari kuacha mshahara? Ukiona huwezi kabisa kuuacha, mshahara umeshakuwa bwana wako. Hilo ni la kutubu hata kama unauza maandazi.

Wiki hii tujiulize:
1. Kazi ninayofanya au ninayoitafuta, inamhudumia nani?
2. Kuna faida yoyote ninayoipata kwa sababu mwenzangu anaogopa?
3. Ni jambo gani nisingekubali kulifanya hata kwa mshahara mnono?

Bwana, utupe mikono yenye ujuzi na dhamiri iliyo macho. Malkia wa Amani, utuombee. Amina.