Sikio Moja Lina Uzito Gani?

Mfugaji wa Ikungi, mkoani Singida, hahitaji kufafanuliwa mfano wa kondoo mia uliomo katika Injili ya Luka. Jioni huhesabu mifugo zizini, na akikosa mmoja halali. Kwa hesabu ya mnadani, mmoja katika mia ni hasara ndogo. Kwa hesabu ya Yesu, huyo mmoja ndiye anayeonyesha kama mchungaji ni mchungaji kweli.

Waislamu nao wanayo Sura Abasa. Mtume alikuwa na wakubwa wa Makka, watu ambao wangesilimu wangevuta umati nyuma yao. Akaingia kipofu, Ibn Umm Maktum, mwenye kiu ya kujifunza, akageuziwa uso. Wahyi ukashuka kumtetea kipofu.

Redio ya umma inaulizwa swali hilohilo: mmoja ana uzito gani mbele ya wengi? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na mkoa wa Singida watu 2,008,058. Saa 24 za matangazo zikigawanywa kwa vichwa, Singida inapata kama dakika 47 kwa siku.

Redio haikuwa ya nchi nzima sikuzote. Kituo kilichoanza 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam kilikuwa cha mji, kama jina lake. Mwaka 1973, kikiwa sasa Radio Tanzania, kilitangaza vipindi vya kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Redio ilipimwa kwa vyoo vilivyochimbwa! Kipimo hicho kilikuwa bora kuliko wingi wa masikio, kwa sababu kilimfuata msikilizaji hadi uani kwake.

Sheria ya 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na matangazo ya biashara hufuata umati. Dhidi ya mvuto huo, mapenzi ya nyumbani yana kazi nzuri: timu ya soka ya Singida Big Stars iliposhika nafasi ya nne ligi kuu msimu wa 2022/23, watu wa mkoa walitaka kusikia habari zao zikisemwa na mtu anayeijua alizeti na Ziwa Singidani.

Lakini nyumbani ni kwa nani? Wanyaturu na Wanyiramba ni wengi. Wahadzabe, ambao wote kwa jumla ni elfu moja na ushei, wamo pia, wilayani Mkalama, katika kijiji cha Munguli. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, hivyo mzee ambaye Kiswahili chake ni cha kubabaisha hungoja kutafsiriwa na kijana wake. Kipindi cha Kihadza kingehitaji kibali, mtangazaji, na fedha zilezile ambazo zingehudumia malaki ya watu. Gharama hiyo ni ya kweli. Luka naye hafichi kwamba wale 99 waliachwa nyikani.

Mtu wa Singida anayedai dakika zake kutoka Dar es Salaam anadai haki. Mtu wa Munguli naye ana haki ya kumwuliza za kwake ziko wapi.