Je, Mbwa Mwitu Amemwibia Mwindaji?



Mbwa mwitu ametajwa katika Qur'ani Tukufu ndani ya sura moja tu, nayo ni Sura Yusuf, na humo amesingiziwa. Nabii Yaaqub (a.s.) aliwaambia wanawe kwamba anachelea mnyama huyo asije akamla Yusuf wakati wao wameghafilika. Wakalichukua neno lile lile la baba yao, wakamtupa ndugu yao kisimani, kisha wakarudi usiku wakilia, mkononi wana kanzu yenye damu ya uongo. Husuda ilikuwa baina ya ndugu na ndugu, lakini hatia ikabandikwa kwa mnyama ambaye hakuwepo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kuna ugomvi wa zama zetu unaofanana nacho, na ndani yake mna swali ambalo kila mwanafunzi wa dini anapaswa kulitafakari: mnyama wa porini ni haki ya nani?

Ugomvi wenyewe uko Marekani, katika majimbo ya kaskazini kama Wisconsin, Minnesota na Michigan, na katika majimbo ya milima ya magharibi. Wawindaji wa vijijini huko wanalalamika kwamba mbwa mwitu wameongezeka na kulungu wamepungua. Wasomaji wa kwetu wasichanganye majina: simzungumzii mbwa mwitu wa Afrika mwenye mabaka, bali yule wa nchi za baridi, ambaye Waarabu humwita dhi'bu na ambaye ndiye wa Sura Yusuf. Huyu huwinda kwa makundi, na chakula chake kikubwa ni kulungu na jamaa zake.

Zamani Wamarekani walimwangamiza kwa bunduki, mitego na sumu, na serikali ikitoa zawadi kwa kila ngozi iliyoletwa. Katika hifadhi ya Yellowstone makundi ya mwisho yalikuwa yamekwisha kufikia mwaka 1926. Baadaye nchi ikabadili mawazo. Mwaka 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 waliletwa Yellowstone kutoka Kanada. Huko Wisconsin hawakuletwa na mtu, walivuka wenyewe kutoka Minnesota wakazaliana, na kufikia mwaka 2020 idadi yao ilikadiriwa kuwa kama 1,000.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kuwacheka wawindaji hawa au kusema wanapenda damu tu. Huo si uadilifu. Katika vijiji hivyo msimu wa kuwinda ni jambo la familia, baba humfundisha mwana, na nyama ya kulungu mmoja au wawili hulisha nyumba miezi mingi ya baridi. Pia wao ndio waliogharamia sehemu kubwa ya uhifadhi. Tangu mwaka 1937 kuna sheria inayotoza kodi juu ya bunduki za kuwindia na risasi, na fedha hizo hurudi kwenye kuhifadhi wanyama pori, pamoja na ada za vibali. Kulungu waliokuwa wamebaki wachache mwanzoni mwa karne iliyopita, leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Mtu aliyelipa miaka yote hiyo, kisha akakaa porini siku tano bila kuona hata unyayo, ana haki ya kuuliza.

Wala haulizi jambo la kubuni. Kundi la kaskazini la Yellowstone la elki, ambaye ni jamaa mkubwa wa kulungu, lilikuwa na wanyama kama 19,000 mwaka 1994, kabla mbwa mwitu hawajarudishwa. Kufikia mwaka 2013 walihesabiwa chini ya 4,000. Lakini mwenye insafu ataongeza na mengine: dubu na simba wa milimani nao waliongezeka, baridi kali ya mwaka 1997 iliua wengi, ukame ukafuata, na wawindaji wenyewe walikuwa wakiua majike wengi yalipotoka nje ya hifadhi. Kadhalika katika misitu ya Wisconsin kaskazini, majira ya theluji nene huua kulungu wengi, na watoto wanaozaliwa baada yake huwa dhaifu. Mbwa mwitu yumo katika hesabu, ila hayumo peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwindaji anaposema “mbwa mwitu wanatumalizia kulungu wetu”, neno zito ni lile “wetu”. Katika fiqhi yetu, mnyama wa porini ni mubaha. Hana mwenyewe mpaka pale mtu anapomkamata au kumwangusha kwa njia ya halali, hapo ndipo anakuwa mali yake. Kabla ya hapo mtu anayo haki ya kutafuta, lakini hana haki ya kupata. Ukinitangulia ziwani ukavua samaki niliyekuwa nikimtazamia, hukuniibia. Sheria ya Marekani haiko mbali na hapo: tangu hukumu ya mahakama yao kuu ya mwaka 1896, msingi unaofuatwa ni kwamba wanyama pori ni amana, na jimbo huwasimamia kwa niaba ya watu wote. Ndiyo maana jimbo la Wisconsin humlipa fidia mfugaji aliyeuliwa ndama, na hata mwindaji aliyeuliwa mbwa wake, lakini halimlipi mtu kulungu aliyeliwa msituni. Ndama ana mwenyewe, kulungu hana.

Ikiwa kulungu hana mwenyewe, basi mbwa mwitu hakumwibia mtu. Amekula riziki yake. Sura Hud, aya ya 6, inatufundisha kwamba hapana kiumbe kinachotembea juu ya ardhi ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.). Aya haikubagua mla majani na mla nyama. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) habari ya mbwa mwitu aliyemkamata kondoo, mchungaji akamfuata akamnyang'anya. Mnyama yule akaketi juu ya mkia wake, akasema kwa uwezo wa Mola wake, akimuuliza mchungaji kama hamchi Mungu kwa kumpokonya riziki aliyoletewa na Mwenyezi Mungu.

Hebu tuitazame habari hii vizuri. Mchungaji hakulaumiwa kwa kumwokoa kondoo wake, maana kumlinda ni wajibu wake. Na mbwa mwitu naye hakukanushwa aliposema ile ilikuwa riziki yake. Wote wawili wana la kusema. Ikiwa mnyama anaweza kutaja riziki yake mbele ya kondoo mwenye mchungaji, itakuwaje kwa kulungu asiye na mchungaji wala zizi?

Kuna atakayepinga kwa kusema: je, Qur'ani haikusema kwamba vilivyomo ardhini vimetiishwa kwa ajili ya mwanadamu? Naam, imesema. Lakini kutiishiwa kitu si kupewa peke yako. Sura ar-Rahman inasema ardhi imewekwa kwa ajili ya viumbe, na Sura al-An'am, aya ya 38, inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Mtume (s.a.w.) alipozungumzia kuua mbwa, alitaja kwamba na wao ni umma miongoni mwa umma, na hilo likawa sababu ya kutoamrisha wauawe wote. Wakati huo huo Uislamu haumtukuzi mnyama mkali kupita kiasi. Wanachuoni wameruhusu kumuua mbwa mwitu anayeshambulia, hata kwa mtu aliye katika ihramu. Madhara huondolewa, lakini huondolewa kwa kadiri yake. Kufuta umma mzima ili mwindaji apate kulungu kwa wepesi si kuondoa madhara.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza, lile dhidi ya mnyama, halisimami. Lakini wawindaji wana lalamiko la pili, na hili ni dhidi ya watu. Linasimama.

Mwezi Novemba mwaka 2020 wananchi wa jimbo la Colorado walipiga kura kuamua kama mbwa mwitu warudishwe. Waliotaka walishinda kwa tofauti ndogo, takriban asilimia 51 kwa 49. Kura za ndiyo zilitoka zaidi katika miji mikubwa ya upande wa mashariki wa milima. Sheria yenyewe iliamuru wanyama waachiwe upande wa magharibi, ambako sehemu kubwa ya wilaya zilipiga kura ya hapana. Desemba 2023 mbwa mwitu 10 kutoka Oregon wakaachiwa huko. Mtu wa mjini alipata furaha ya kujua kwamba wapo, na mtu wa shamba akapata usiku wa kukesha na ng'ombe. Sheria hiyo iliweka fidia ya mifugo, na hilo ni jambo jema, lakini fidia haimwondolei mtu uchungu wa kuamuliwa mambo yake na asiyeyabeba.

Hapa ndipo kanuni ya Mtume (s.a.w.) ya kutodhuru wala kudhuriana inapohusika. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kuwa msimamizi wa hima, yaani malisho yaliyotengwa, alimuusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, na awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache. Matajiri, tena Masahaba wakubwa, aliagiza wasitangulizwe, kwa kuwa mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurejea. Hima ilibaki hima, lakini mzigo wake hakubebeshwa mnyonge. Hicho ndicho kipimo. Kuhifadhi ni kwema, na atakayeuliza kwanza ni yule ambaye hana pa kurejea.

Malalamiko haya mawili yakichanganywa, mnyama ndiye hulipa. Februari 2021, baada ya serikali kuu ya Marekani kuondoa ulinzi wa mbwa mwitu, Wisconsin ilifungua msimu wa kuwawinda. Jimbo lilipanga wauawe 200. Kati ya hao, 81 walikuwa fungu la makabila ya Waojibwe, ambao mila yao humhesabu mbwa mwitu kuwa ndugu, nao hawakutaka kumuua hata mmoja. Wawindaji wengine walibakiwa na 119. Katika muda usiotimia siku tatu waliua 218. Mwaka uliofuata hakimu mmoja akarudisha ulinzi, na ugomvi ukawa mkali kuliko kwanza. Hakuna aliyekula nyama ya wanyama wale. Ile ilikuwa hasira ya miaka mingi dhidi ya mahakama, ofisi na watu wa mijini, ikatuliwa juu ya mgongo wa asiyejua mahakama ni nini. Kanzu ya Yusuf ilipakwa damu tena.

Na sisi Waganda tusiitazame Wisconsin kama watazamaji wa mpira. Aprili 2018, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, karibu na kijiji cha Hamukungu, simba 11 walikufa kwa sumu, na 8 kati yao walikuwa watoto. Hamukungu ni kijiji cha wafugaji na wavuvi kilicho ndani ya eneo la hifadhi. Simba hao hawakumdhulumu mtu. Walikula kama walivyoumbwa. Lakini mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wa pekee naye hakuwa na wa kumlipa wakati ule. Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2019 imeleta mfumo wa fidia, na kabla yake kulikuwa na utaratibu wa kurudisha kwa jamii jirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini. Ikiwa haki hizo hazimfikii mwenye ng'ombe mmoja, au zinamfikia baada ya miaka, basi tusishangae sumu ikitegwa tena. Na ikiwa zinamfikia, hana udhuru tena wa kutega sumu.

Kwa sisi tunaosoma dini, kazi iko hapo. Baadhi yetu kesho watasimama juu ya mimbari za misikiti iliyo jirani na Kasese, Masindi na Karamoja. Khutba ya kuwahurumia wanyama itakayomsahau mfugaji ni nusu ya dini. Na khutba ya kumtetea mfugaji itakayomwita simba adui wa Mungu ni nusu nyingine. Tumfundishe mwenye mifugo kwamba mnyama ana riziki yake kwa Mola wake, na tumfuate mtawala ofisini kwake tumkumbushe kwamba huyo mfugaji naye anayo.

Nabii Yaaqub (a.s.) alipoletewa ile kanzu hakwenda porini kumsaka mbwa mwitu. Aliwatazama wanawe, akajua jambo limetoka wapi, akashika subira njema. Tukisikia mnyama amelaumiwa, tuanze na sisi kuwatazama watu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.