Usingizi si Uvivu

Wengi wetu twamhesabu alalaye kuwa mvivu, naye akeshaye kuwa mtu hodari. Daktari William Dement wa Marekani, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 91, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba hesabu hiyo ni ya uongo.

Alianza utafiti mjini Chicago katika miaka ya 1950, chini ya mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Walikesha kando ya vitanda vya watu, wakaona ya kuwa mara kadhaa kila usiku macho ya alalaye huenda huku na huku upesi chini ya kope. Na akiamshwa saa hiyo, mara nyingi husimulia ndoto. Mwaka 1970 akafungua kliniki ya magonjwa ya usingizi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Huko (nasi twalipenda jambo hili) mwanafunzi aliyesinzia darasani alirushiwa maji kwa bastola ya kuchezea, apate kutangaza kwa sauti kwamba kusinzia ni hatari.

Naam, ni hatari. Dereva achukuaye abiria usiku kucha, kope zikimlemea, ana roho za watu mikononi mwake. Amri ya tano yamhusu yeye, na yamhusu zaidi tajiri ampangiaye safari bila pumziko. Kristu mwenyewe alilala chomboni, dhoruba ikivuma.

Nanyi wazazi, mtoto akisinzia juu ya daftari, msimchape. Ulizeni kwanza alilala saa ngapi, na ni nani aliyemchelewesha.