Kilo Zangu za Kweli

Hapa Kalamba nanunua ndengu na maembe, na mizani ya dukani kwangu imepigwa mhuri wa serikali. Ndiyo maana ile ya chumbani ilinikera. Nikila muthokoi uliokolea chumvi jioni, asubuhi nimeongeza kilo nzima. Nikishinda juani nikipakia magunia, kesho yake imeondoka. Binti yangu akasema, “Mami, hiyo mashine ni mbovu, itupe.” Nikaipandishia mawe mawili ya dukani ya kilo 10. Ikasoma 20, leo na kesho.

Basi anayebadilika ni mimi. Lakini mimi ni yupi kati ya hao wote?

Mafuta hayaji na kuondoka kwa usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takriban kilokalori 7,700, na muthokoi wa kiasi hicho sijauona. Yanayokuja na kwenda ni maji. Chumvi huyashika. Wanga uliowekwa akiba kwenye ini na misuli nao hushika takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1. Sisi wa ndengu tunalijua hilo: gunia likianikwa hupungua uzito, na hakuna aliyeiba.

Daktari Santorio Santorio wa Padua, Italia, alitundika kiti chake kwenye mizani akajipima kwa takriban miaka 30, pamoja na alichokula na alichotoa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1614. Aliona kwamba sehemu kubwa ya chakula ilimtoka bila kuonekana, kwa ngozi na pumzi. Kumbe hata aliyelala fofofo anapungua.

Kanisani tunafundishwa habari za Belshaza, mfalme aliyepimwa akaonekana amepungua. Nilimuuliza mhubiri wetu: mtu apimwe asubuhi ipi? Akacheka tu. Kwa maoni yangu, hakuna kilo za kweli zilizojificha nyuma ya tarakimu. Zote ni za kweli, kila moja kwa saa yake, na Mungu mwenye haki hutazama mwenendo. Belshaza naye, ingawa hukumu ilimjia usiku mmoja, alikuwa na miaka nyuma yake.

Kwa hiyo najipima kabla ya chai, saa ile ile, na naangalia wiki badala ya siku. Ila wewe mwenye ugonjwa wa moyo, ukiona kilo 2 zimeongezeka kwa siku mbili tatu na miguu imevimba, acha falsafa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.