Jirani Yangu na Furaha Yangu

Siku hizi ukienda ibada hapa London si ajabu kusikia mhubiri akisema kwamba sayansi sasa imethibitisha Biblia: mpende jirani yako, maana anayependa huishi na furaha. Amina zinasikika kutoka kila upande. Mimi husita kidogo kabla ya kuitikia.

Chanzo cha maneno hayo kinajulikana. Mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwaasa wenzake kwamba wametumia miaka mingi mno kuchunguza huzuni na maradhi ya akili, na kwamba wachunguze pia yale yanayomfanya binadamu aishi vema. Ndiyo saikolojia chanya. Miaka kumi baadaye, taasisi moja ya hapa London, New Economics Foundation, ikatoa orodha ya njia tano za kuishi vema, na kutoa ni mojawapo. Mwaka huohuo wa 2008 Elizabeth Dunn na wenzake huko Kanada walichapisha jaribio lao: waliwapa watu dola 5 au 20 asubuhi, wengine wazitumie kwa ajili yao wenyewe, wengine kwa ajili ya watu wengine. Jioni, waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Mwaka 2013 baadhi ya watafiti hao wakatoa matokeo yaliyowahusisha Wakanada na Waganda, wenye mifuko tofauti kabisa, na mwelekeo ukawa uleule.

Siyapingi matokeo haya. Wasiwasi wangu uko kwingine. Kama ninampelekea jirani supu ili mimi nijisikie vizuri, basi jirani amegeuka kidonge changu. Na siku nisipojisikia vizuri, je, nitaendelea kumpelekea?

Swali hili si geni hata kidogo. Lilijadiliwa hapahapa mjini karibu miaka mia tatu iliyopita, katika kanisa la Rolls lililokuwa Chancery Lane, mahali ambapo leo pana maktaba ya King's College. Joseph Butler, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mahubiri yake ya hapo mwaka 1726. Wakati ule wapo waliokuwa wakidai, wakimfuata Thomas Hobbes, kwamba kila wema ni ubinafsi uliovaa kanzu: unatoa kwa kuwa kutoa kunakupendeza. Jibu la Butler, nikilieleza kwa maneno yangu, ni kwamba hao wamegeuza mambo. Chakula hakimpendezi mtu asiye na hamu ya kula. Utamu huja pale hamu inapopata ilichokitaka. Kwa hiyo mtu hawezi kufurahia heri ya jirani yake kama hakuwa ameitaka heri hiyo kwanza, kwa ajili ya huyo jirani.

Sisi wahandisi tunalielewa hili kirahisi. Injini inayofanya kazi hutoa joto, na kwa kushika bomba unajua kama inafanya kazi. Lakini mtu akiunda injini kwa kutafuta joto tu, amejitengenezea jiko. Wanasaikolojia wamepima joto, tena wamelipima kwa uangalifu. Kosa ni la sisi tunaodhani kwamba joto ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo watafiti wametufundisha na wahubiri hawakutwambia. Mwaka 1973, zamani kabla ya jina la saikolojia chanya kuenea, John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba, na baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu aliyejiinamia mlangoni, akikohoa na kuguna. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana.

Mwenzangu unayeishi mji huu, hebu pima. Hapa haraka ndiyo hali ya hewa. Mtu ana zamu mbili, treni mbili na basi moja, na simu inalia kutoka nyumbani: kuna ada, kuna msiba. Tunachanga, na katika kuchanga hatuna mshindani. Maiti hazikosi nauli ya kurudi kuzikwa kwao. Lakini mchango unaweza kuutuma ukiwa ndani ya basi, bila kusimama. Bibi Mwingereza wa ghorofa moja na wewe, anayepandisha mifuko yake ngazi kwa ngazi lifti inapoharibika, anataka usimame. Yeye hana orodha ya waliochanga itakayosomwa mbele ya watu. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tunawajua wahitaji wa Moshi na Kisumu kwa majina, lakini yeye hatumjui jina.

Nikirudi kwenye Injili ya Luka, naona jambo ambalo dodoso lolote la leo lingelihesabu kuwa upungufu: hatuambiwi Msamaria alijisikiaje baadaye. Tunaambiwa alimwona mtu akamhurumia. Kisha ni mafuta, divai, vitambaa, mnyama wa kupanda, nyumba ya wageni. Waswahili husema tenda wema nenda zako. Yeye alikwenda zake kweli, alikuwa na safari, lakini alimwachia mwenye nyumba dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa chochote kitakachozidi atakaporudi. Mimi nimesoma mikataba mingi maishani, na sijawahi kumshauri mtu atie sahihi ankara isiyo na kikomo. Mwenye nyumba ya wageni naye alikubali, kwa ahadi ya mdomo ya Msamaria, kumtunza mgonjwa asiyemjua, na Luka hasemi kama alilipwa ile ziada.