Maradhi ya Sukari na Amana ya Mwili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, hapana mtaa katika mji wetu usiokuwa na mtu mwenye maradhi ya sukari. Kila ikaribiapo Ramadhani huletwa kwetu masuala mengi juu ya jambo hili. Mmoja huuliza kama sindano yavunja saumu. Mwingine huuliza kama dawa hiyo imetolewa katika nguruwe. Wa tatu hutaka kujua kama ni dhambi kula mchana naye kwa nje aonekana mzima. Pamoja na masuala hayo yamezuka maneno ya barazani yasiyo na ilimu ndani yake, na maneno hayo yamewatia watu katika hatari ya roho zao. Kwa hiyo tumeona yatupasa kuyaeleza haya kwa uwazi, kwani mwenye kuificha ilimu hali watu wanaihitajia ataulizwa mbele ya Mola wake.

Kwanza yafaa tuyajue maradhi yenyewe. Chakula tulacho hugeuka sukari katika damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Mwenyezi Mungu ametuumbia kongosho, nayo hutoa maji yaitwayo insulini, ambayo ni mfano wa ufunguo unaoifungulia sukari mlango ipate kuingia katika viungo. Wako watu ambao kongosho yao haitoi insulini kabisa, na wengi wao hushikwa wangali watoto au vijana. Hao hawawezi kuishi bila ya sindano. Na wako ambao insulini wanayo, lakini mwili hauitii kama ipasavyo, kisha nayo hupungua kidogo kidogo. Hao ndio wengi, na hutibiwa kwa mpango wa chakula, na mwendo wa miguu, na vidonge, na baadhi yao hufikia sindano. Tena wako wanawake ambao maradhi haya huwashika katika mimba. Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, huharibu macho, na figo, na moyo, na mishipa ya fahamu ya miguuni, hata mtu akakatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama mkwaruzo.

Wala maradhi haya si mageni katika vitabu vya Waislamu. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliyaeleza katika Al-Qanun, na akautaja utamu wa mkojo wa mgonjwa. Mababu zetu katika Uislamu waliyatazama maradhi kwa macho ya ilimu. Basi vipi leo sisi tuyatazame kwa macho ya uchawi na husuda?

Hapo twafikia kosa la kwanza lililoenea. Wako wasemao kwamba mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu hana haja ya sindano, na kwamba kombe na hirizi zatosha. Maneno haya ni upotofu. Mtume (rehema na amani zimshukie) aliulizwa na mabedui juu ya kujitibu, akawaamrisha wajitibu, na akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa uzee. Na yule aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, eti amemtegemea Mungu, alifunzwa kwamba amfunge kwanza kisha ategemee. Dua ni ibada, na Qurani ni ponyo, hatukanushi. Lakini mwenye kusoma dua akaiacha dawa iliyo mkononi mwake hakuufuata mwendo wa Mtume. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyeshikwa na maradhi haya alikuwa hana ila kufa. Katika mwaka huo, huko Toronto katika Canada, ndipo mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, alipopigwa sindano ya insulini, akapata uhai. Hii ni neema ya Mwenyezi Mungu iliyopitishwa katika mikono ya waja wake. Mzazi anayemnyima mwanawe sindano kwa ajili ya maneno ya mganga, mtoto huyo aweza kufa kwa muda wa siku chache, na mzazi ataulizwa juu yake.

Ama suala la nguruwe, jawabu yake ni hii. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imepatikana insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa kwa vijidudu au hamira katika viwanda, na hiyo ndiyo itumiwayo leo karibu kila mahali. Basi wasiwasi huo hauna msingi. Na hata lau isingepatikana ila ile ya zamani, sharia yetu ina mlango wa dharura, na roho ya Muislamu ni tukufu kuliko kuachwa ipotee.

Sasa natuje katika saumu, kwani hapa ndipo penye hatari kubwa.

Kujichoma kidole ili kupima sukari hakuvunji saumu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hata kuumika hakuvunji, seuze tone moja la damu. Na sindano ya insulini haivunji pia, kwa sababu si chakula wala kinywaji, wala haiingii ndani kwa tundu lililo wazi. Wanachuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walilipitisha jambo hili katika kikao cha Jeddah mwaka 1997. Twalisisitiza kwa kuwa wako watu wanaoacha kupima mchana kutwa wakiogopa kuharibu saumu, na kwa kutopima huanguka.

Je, mwenye maradhi haya afunge au asifunge? Hapana jawabu moja kwa wagonjwa wote. Yuko ambaye sukari yake imetulia kwa chakula au kwa vidonge visivyoishusha kwa ghafula. Huyo huenda akafunga kwa salama baada ya kushauriana na tabibu. Na yuko ambaye sukari yake hupanda na kushuka sana, au figo zake zimeharibika, au ni mjamzito anayetumia insulini, au siku za karibuni ameanguka akazimia. Baraza hilohilo, katika kikao cha Sharjah mwaka 2009, liliwagawa wagonjwa hawa mafungu manne kwa kadiri ya hatari yao, likasema kwamba walio katika mafungu mawili ya hatari kubwa haiwajuzii kufunga. Tazama, halikusema wana ruhusa tu, limesema wasifunge. Kwani Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 185, baada ya kumruhusu mgonjwa kuhesabu siku nyingine, ametubainishia kwamba anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Na katika aya ya 195 ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Mgonjwa ambaye yatarajiwa atapata nguvu, alipe kadha. Hapa kwetu mchana haurefuki wala haufupiki sana kwa mwaka mzima, lakini joto la kaskazi si sawa na baridi ya kusi. Aliyeshindwa wakati wa joto huenda akaweza kulipa wakati wa kusi. Ama ambaye hatarajiwi kuweza tena, ni juu yake fidia, mudi moja ya chakula kwa kila siku, yaani kiasi cha kibaba kimoja, apewe masikini. Akitoa hiyo ametimiza, wala asione haya wala asijihesabu mpungufu wa dini.

Mwenye kuruhusiwa kufunga na ajitayarishe. Aende kwa tabibu mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, wapange upya dawa na saa zake, kwani vipimo vya siku za kula havifai siku za kufunga. Achelewe kula daku na afanye haraka kufuturu. Hizi ni sunna, na matabibu nao wazisifu. Wala asiiache daku, maana kuiacha ndiyo sababu ya wengi kuanguka alasiri. Na apime mchana. Akiona sukari imepungua chini ya 3.9, au imepita 16.6, kwa hesabu ya vipimo vitumiwavyo katika hospitali zetu, basi afungue papo hapo. Vilevile akitoka jasho la baridi, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio, au akababaika maneno, afungue hata kama haikubaki ila dakika tano kuadhiniwa magharibi. Anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, angoje kiasi cha robo saa, kisha apime tena. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, asije akapaliwa. Apelekwe hospitali upesi.

Wako watakaosema kwamba kufungua dakika tano kabla ya magharibi ni udhaifu wa imani. Na waisikie habari iliyopokewa na Abu Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa jiwe kichwani, kisha akapata janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alighadhibika, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui. Ndugu zangu, wale walikuwa watu wema, nao hawakukusudia ubaya. Basi mwenye kumwambia mgonjwa barazani, "Jikaze, Mungu atakusaidia," naye si mwanachuoni wala si tabibu, na aogope asije akawa mfano wao.

Ama chakula, wengi hudhani kwamba kuacha sukari katika chai kwatosha. Sivyo. Wali, mahamri, chapati, mihogo na viazi vitamu, vyote hugeuka sukari tumboni. Hatusemi viharimishwe, lakini vipimwe. Mtume ametufunza kwamba, ikiwa hapana budi kushiba, basi theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Futari zetu zimelisahau funzo hili: mezani kuna kaimati, na tambi, na mihogo ya nazi, na maji ya matunda yaliyotiwa sukari, kisha baada ya tarawehe hufuata biriani. Mgonjwa afuturu kwa tende moja au tatu na maji, aswali, kisha ale samaki au kunde na mboga nyingi, na wali kidogo. Na mwenye nyumba amwonee huruma mgeni wake. Kumwapiza mgonjwa ale halwa, eti asipokula amemvunjia heshima, si ukarimu. Ni kumdhuru.

Katika udhu pia pana jambo la kuzingatia. Maradhi haya huondoa hisi za miguu, hata mtu akakanyaga msumari asijue. Basi kila anapoosha miguu aitazame nyayo na baina ya vidole, aikaushe vizuri, na maji ya moto ayajaribu kwanza kwa kiwiko. Asiende msikitini miguu mitupu juu ya lami ya mchana. Na mwenye kidonda kilichokatazwa maji ana hukumu yake, nayo ni kutayamamu na kupangusa juu ya bendeji. Asikioshe kwa ushupavu.

Jambo la mwisho ni haya. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Wako wanaoificha sindano wasijulikane, hasa wasichana wanaongoja kuposwa, hata wakakosa kuitumia wakiwa ugenini. Maradhi si aibu. Kumsema mgonjwa ndiyo aibu. Lakini haya si ya mgonjwa peke yake. Na sisi jamaa zake tuna wajibu. Insulini hutaka ubaridi. Chupa isiyofunguliwa hukaa katika friji bila ya kugandishwa, na asiye na friji kwake huuweka mfuko wake ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, kivulini. Je, jirani yako akikuomba nafasi katika friji yako, utamnyima? Na yuko masikini mtaani ambaye mwezi huu atachagua baina ya dawa na unga. Huyo ni katika wanaostahiki zaka kwa ufakiri wake. Lau sehemu ya fedha tunazozimimina katika pilau za khitima na karamu za kushindana tungeiweka kuwanunulia hawa dawa na vipimo, tungepata thawabu isiyo na shaka, na maiti wetu tungewatolea sadaka iliyo bora.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wao na wanaowauguza, atupe ilimu yenye manufaa, na atulinde na fatwa zisizo na ilimu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.