HUTUBA YA IJUMAA: NYUMBA ISIYO NA MTU SI NYUMBA ISIYO NA MWENYEWE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi: tumche Allah.

Mwezi wa 12 mwaka 2025, vita viliposhuka pande zetu za Kamanyola na Luvungi mpaka Uvira, watu wengi walikimbia. Wengine walivuka Ruzizi wakaingia Burundi, wengine wakapita Bugarama kwenda Rwanda. Walifunga milango yao, wengine kwa kufuli, wengine kwa kamba tu. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi baada ya swala: “Shehe, ile nyumba haina mtu. Kuna dhambi gani kuingia?” Na wapo ambao hawakuuliza. Wameng'oa mabati na milango.

Ndugu zangu, swali hili Allah (S.W.) amekwisha kulijibu katika Suratun Nur. Aya ya 27 inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe idhini na uwasalimu wenyewe. Aya ya 28 inaongeza: hata usipomkuta mtu ndani, usiingie mpaka upewe ruhusa, na ukiambiwa rudi, rudi, ndiyo usafi zaidi kwako. Tazameni! Nyumba tupu imetajwa waziwazi, na hukumu yake ni kubaki nje.

Atasema mtu: lakini aya ya 29 inaruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa. Ni kweli. Lakini wafasiri wameeleza kuwa hizo ni nyumba za kufikia wasafiri, maduka na mahali pengine palipowekwa kwa manufaa ya watu wote. Nyumba ya jirani yako aliyekimbia risasi haimo humo. Sufuria zake zimo ndani, na nia yake ni kurudi. Aya ya 29 haifuti aya ya 28 iliyo juu yake.

Tena kinachoifanya nyumba kuwa maskani ni mtu anayeifanya kuwa makao yake. Ukuta wa matofali si sharti, wala hati ya parseli si sharti. Kibanda cha nyasi ni nyumba. Chumba cha kukodi ni nyumba ya mpangaji. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba za kukodisha, usifungue chumba cha mpangaji wako kwa ufunguo wa pili, hata akiwa na deni. Mdai deni lako mlangoni, au kwa wazee, au kwa hakimu.

Sheria ya nchi yetu nayo inasema hivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayavunjwi, na hayapekuliwi isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Sheria ya makosa ya jinai ya tarehe 30 Januari 1940 inamwadhibu anayevunja au kupanda ukuta na kuingia nyumba au chumba kinachokaliwa na mwingine. Na sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1959 inakataza kuanza upekuzi kabla ya saa 11 alfajiri au baada ya saa 3 usiku, isipokuwa hakimu ameruhusu. Basi mwenye bunduki na mwenye cheo, wote wana mpaka mlangoni.

Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kuomba idhini mara tatu, na usipopewa, urudi. Naye alipofika kwa watu hakuukabili mlango. Alisimama kuliani au kushotoni, jicho lisitangulie ndani. Ikiwa kuchungulia kumekatazwa, je, kung'oa bati?

Najua wapo kati yetu waliounguliwa nyumba zao na watoto wananyeshewa. Dharura inaweza kumhalalishia mtu kujihifadhi, lakini dharura haiondoi haki ya mwingine. Basi mtafute ndugu wa mwenye nyumba, au mpigie simu mwenyewe, uombe. Ukipewa, ingia mbele ya mashahidi wawili, vitu vyake viandikwe na vifungiwe chumba kimoja. Akirudi, toka kwa salama na umshukuru. Hiyo ni amana, na katika Suratun Nisaa aya ya 58 tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Na aliyekwisha kuchukua bati au mlango, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Arudishe. Akiona aibu mchana, alete usiku aweke uani kwa mwenyewe. Kesho huenda ikawa zamu yetu kukimbia, na tutataka jirani wa kutulindia mlango.

Ee Allah, warudishe salama waliokimbia, wakute nyumba zao zimesimama. Utupe amani katika nchi yetu, na uisafishe mikono yetu na haki za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.